Marahaba ya Mzee Kilua

Apitaye kila siku haoni majani mlangoni. Mmelisikia neno hilo msibani leo, mkaniuliza limetoka wapi. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji wa Kwamtonga palikuwa na muuza vitumbua aitwaye Mwajabu. Mji huo ulichangamka enzi za kiwanda cha mkonge. Kiwanda kilipofungwa, watu wakaondoka mmoja mmoja, wenye nguvu kwanza. Mwajabu alibaki. Kila asubuhi alijitwika beseni lake, akashika njia ileile ya sokoni, na akifika penye nyumba ya Mzee Kilua, aliyekuwa nyapara wa kiwanda, hupaza sauti, "Shikamoo, babu!" huku miguu inakwenda. Mzee yule hakuwa tena na mtu. Mke alishafariki, watoto walihamia mbali. Zamani ndiye aliyekuwa akimbeba Mwajabu mabegani kwenda kutazama ngoma.

Masika moja kaka yake Mwajabu alioa huko Tabora, akamleta nyumbani mkewe, Nyamizi. Asubuhi moja Nyamizi akafuatana na wifi yake sokoni.

"Nitembeze basi, wifi, niujue mji."

Mwajabu akacheka. "Mji gani wa kutembezwa huu? Utaumaliza kabla jasho halijakutoka."

Lakini Nyamizi aliuliza kila kitu. Nyumba ile ya nani? Ya kina Shemweta, walihama. Na ile iliyobomoka? Ya fundi Saguti, alikufa. Na ule mti uliotokeza juu ya paa la kiwanda, umeota humo humo ndani? Mwajabu akainua macho. Mti kweli, mkubwa, ndege wamejenga. Hakujua ulianza lini. Akaingiwa na ubaridi moyoni, maana kila alivyojibu alijiona kama mtu anayetaja majina makaburini.

Wakafika kwa Mzee Kilua. "Shikamoo, babu!" Mwajabu akaita, akapita.

Nyamizi hakupita. "Unamwamkia nani, wifi?"

"Babu Kilua. Yumo ndani."

"Mbona hajaitikia?"

Mwajabu akasimama. Alijaribu kukumbuka marahaba ya mwisho aliyoisikia, haikumjia.

"Na haya majani," Nyamizi akasema, akionyesha kizingiti, "yamepanda mpaka kwenye kitasa. Mlango huu haufunguliwi. Mimi nilidhani mwenyewe amehama."

Mwajabu akatua beseni chini. Akausukuma mlango, umekomewa kwa ndani. Wakazunguka uani mbio, vitumbua vikabaki njiani.

Walimkuta sakafuni, kwenye mlango wa uani. Alikuwa ameanguka akavunjika nyonga, na tangu hapo alikuwa akijikokota mpaka kwenye pipa la maji ya mvua, na chini ya mpapai kuokota yaliyoanguka. Amebaki ngozi na mifupa. Mwajabu akapiga magoti, akamwinua kichwa.

"Babu, ni mimi. Mbona hukuita mtu?"

Mzee akamtazama. "Nilikuwa naitikia, mjukuu wangu," akasema, sauti kama pumzi tu. "Kila asubuhi. Ila unakuwa umeshapita."

Walimbeba juu ya kitanda chake cha kamba kumpeleka hospitali. Alikata roho njiani, mkono wake umo mkononi mwa Mwajabu.

Siku ya mazishi watu walijaa mpaka barabarani, wote wa njia ile ile ya sokoni. Kila mmoja alisema alidhani jirani mwingine anamtazama mzee. Wazee wakamshukuru Nyamizi, wakamsifu kwa macho makali. Mwenyewe aliona haya.

"Sina macho kuwashinda, wazee wangu," akasema. "Ni kwamba sikuwahi kupita pale."

Mwajabu alikuwa ameketi pembeni, kanga imemfunika uso. Waliokuwa karibu walidhani analia. Akaifunua, akautazama mlango wa marehemu, ambao watu walikuwa wameung'olea majani ili jeneza lipite.

"Mimi nimepita," akasema. "Nimepita mvua na jua. Apitaye kila siku haoni majani mlangoni."