Kadhi Wathima na Mrithi Asiyeulizwa

Imepokewa katika habari za waja wema kwamba mji wa Darzin ulikuwa na kadhi mchamungu, jina lake Wathima bin Muhariz as-Sarraj. Wako wanaomwita Wathima wa Harmala, na hilo si sahihi. Harmala ni mji wa mkewe. As-Sarraj ni jina la kazi, kwani alikuwa mshona matandiko ya farasi, na hata alipopewa ukadhi hakuiacha sindano, kwa kuchelea kula chakula cha watawala.

Mji ule ulikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, kila amiri alipopewa mkono wa utii aliandika ahadi, nayo ikatundikwa ukutani msikitini. Ahadi ya Amiri Buktamir bin Sunqur ilisema: "Sitatoa roho ya mtu ila kwa hukumu ya kadhi." Ya pili, kabla ya kumkata mtu shingo, mwenye upanga huuliza mara tatu kwa sauti, "Kwa hukumu ya nani?" Kadhi akajibu, "Kwa hukumu yangu," ndipo upanga ushuke.

Siku ya Jumatatu aliletwa mbele yake Jubayr bin Tarif, mchoma chokaa, aliyemuua Ghalib bin Usayd kwa jiwe walipogombania zamu ya kisima.

"Nilikusudia, shekhe," alisema Jubayr. "Lilipotoka mkononi tu, nikajuta."

Sheria ilikuwa wazi. Warithi wa marehemu huulizwa mmoja mmoja kama wanataka kisasi au wanasamehe, na akisamehe hata mmoja, muuaji hauawi. Warithi waliojulikana ni wawili: baba wa marehemu, Mzee Usayd bin Hatim, na mjane wake, Rayta binti Salama. Rayta alikuwa ndani, akikaa eda. Mwanamke wa namna hiyo hutumiwa mwanamke mwaminifu akamuulize huko huko aliko. Lakini siku ile mjumbe wa Amiri alikuwa amesimama mlangoni akibadilisha miguu. Msafara mkubwa wa wageni ungeingia Ijumaa, na Amiri alitaka wauone mji wenye adabu.

"Mkwe wangu anataka ninalotaka mimi," alisema Mzee Usayd. "Na mimi nataka damu."

Kadhi akalipokea neno lile, akagonga muhuri. Upanga ukapangwa Ijumaa, baada ya sala.

Alhamisi asubuhi kadhi alikaa kushona tandiko, na ngozi ikakataa kumtii. Alijichoma kidole mara mbili. Kuna kitu alikiacha, naye hakujua ni nini, mpaka alipomwona mkewe, Tumadhir binti Nadr, akijifunga ushungi kwenda msibani. Hapo akakumbuka kwamba Rayta hakuulizwa.

"Mama Lubaba," akasema, "ufikapo kwa mjane wa Ghalib, muulize anataka nini. Nataka neno la kinywa chake mwenyewe."

Tumadhir alirudi kabla ya adhuhuri, akaketi bila kuvua ushungi.

"Baba Lubaba, umefanya nini wewe? Nimemkuta ameinamia beseni anatapika. Ana mimba ya miezi miwili."

"Amesemaje?"

"Amesema, 'Mimi nataka afe. Lakini humu tumo wawili, na huyu mwenzangu sijui anataka nini.'"

Mrithi aliye tumboni hungojwa azaliwe, na akizaliwa hungojwa abaleghe, ndipo aulizwe. Muuaji hukaa kifungoni muda wote huo. Hapana wa kumsemea, awe mama, babu au kadhi. Hayo aliyajua tangu ujana wake.

Alikwenda kwa Mzee Usayd kwanza.

"Miezi miwili!" alifoka mzee. "Pande la damu, nawe unataka lipewe kiti barazani?"

"Kiti amepewa na Mwenyezi Mungu, mzee wangu. Mimi ndiye niliyesahau kumkalisha."

"Rudi kwenye matandiko yako, Wathima. Ngozi ya ng'ombe haina mjane."

Akaenda kwa Amiri.

"Muhuri ni wa nani?" aliuliza Amiri.

"Ni wangu."

"Nilikushika mkono?"

"Hapana. Nilifanya haraka."

"Basi nyamaza mpaka kesho jioni. Kadhi akisema amekosea, kesho kutwa watu watasema na amiri hukosea."

"Na ndivyo ilivyo, ewe Amiri."

Amiri alicheka peke yake. "Ukinivunjia mambo mbele ya wageni, utaondoka bila kilemba. Na labda bila kilichokibeba."

Alasiri ile Wathima alijiandaa kwa sala. Alitawadha, akasahau kama amepaka kichwa maji, akatawadha tena. Alijitafutia nyudhuru. Jubayr amekiri. Mjane mwenyewe anataka kisasi. Huenda mimba ikaharibika. Kila udhuru ulikuwa na ukweli ndani yake, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Ijumaa, baada ya sala, watu walijaa uwanja ulio mbele ya msikiti. Wageni wa msafara walikaa kando ya Amiri. Jubayr alipigishwa magoti, amefungwa kitambaa usoni, na midomo yake ikitikisika kwa shahada. Mwenye upanga, Yaghmur, akainua sauti:

"Kwa hukumu ya nani?"

Kadhi akamtazama Jubayr.

"Kwa hukumu ya nani?"

"Si kwa hukumu yangu," alisema Wathima, na sauti yake ilikuwa nyembamba hata walio nyuma wakaulizana amesema nini. Akarudia. "Enyi watu, mimi Wathima bin Muhariz nimekosea. Marehemu ana mrithi aliye tumboni, nami sikuuliza. Hukumu ya Jumatatu nimeiondoa."

"Mwoga!" alipiga kelele Mzee Usayd.

Yaghmur akamgeukia Amiri, akauliza mara ya tatu, polepole, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Kwa hukumu ya nani?"

Amiri angeweza kusema, "Yangu." Midomo ilikwisha fumbuka. Lakini mlango wa msikiti ulikuwa wazi, na kupitia pale ukuta ulionekana, na ahadi juu yake. Akawatazama wageni, akautazama ukuta, asiseme neno. Yaghmur akarudisha upanga alani.

Jioni ile ile Wathima alivuliwa kilemba cha ukadhi, akarudi kwenye matandiko.

Rayta alizaa mtoto wa kike, akaitwa Mahdiyya binti Ghalib. Huko kifungoni Jubayr aliujua umri wa mtoto yule kwa mwezi na siku. Alipotimiza miaka kumi na mitano, na barazani anatakiwa kesho yake, Mahdiyya alikwenda kwa mshona matandiko.

"Babu Wathima, kesho wataniuliza. Babu Usayd anasema niseme auawe. Mama anasema nitazame moyo wangu. Wewe unasemaje?"

Sindano ikasimama. "Mjukuu wangu, niliwahi kumwachia mtu amsemee mwenzake. Sirudii."

"Nikisema auawe?"

"Utakuwa umesema haki yako, wala hapana wa kukulaumu."

"Nikisamehe?"

"Ataishi."

Binti akamtazama mikono. "Unaogopa?"

"Tangu hujazaliwa."

Kesho yake barazani Mahdiyya aliomba aulize kwanza. Akamwambia Jubayr, "Wewe ndiye uliyemwona baba yangu mwisho. Alikuwaje?"

Jubayr alilia, kisha akasema, "Alikuwa na kovu kidevuni. Akivuta maji huimba, na hakujua kuimba. Siku ile pia alikuwa akiimba."

"Nyumbani watu huniambia alikuwa malaika," alisema Mahdiyya. "Leo nimemjua." Kisha akaligeukia baraza, akasema, "Nimesamehe, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu."

Habari ilipomfikia Wathima alisujudu pale pale, juu ya vipande vya ngozi.

Ndugu waumini, mali iliyohukumiwa kwa makosa hurudishwa, na aliyefungwa kwa makosa hufunguliwa. Shingo hairudishwi. Wathima hatumkumbuki kwa kuijua sheria, maana aliijua hata Jumatatu ile alipoisahau. Tunamkumbuka kwa kuwa Ijumaa aliogopa, akasema. Mwenyezi Mungu amrehemu Wathima bin Muhariz, na awape wote waliokabidhiwa roho za watu woga ule ule.