Kidari cha Mbuzi wa Mama Ndeonasia

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi, ni ya juzijuzi tu, bibi zenu wanaikumbuka wakitaka, kulikuwa na wapagazi wa Kilimanjaro waliopanda mlima wakiimba. Sogeeni. Na wewe uliye karibu na sufuria, ondoa mkono.

Hawakuimba kwa furaha, msidanganyike. Nani ataimba kwa furaha na gunia kichwani? Waliimba ili kupimana pumzi. Kiongozi wa wimbo alitangulia akiuliza, "Mlima una haraka?" na wote nyuma wakajibu, "Hauna, nasi hatuna!" Aliyeshindwa kumaliza jibu, msafara mzima ulisimama kumngoja. Akishindwa tena, alirudishwa chini. Ndiyo ilikuwa sheria, na iliokoa watu wengi.

Mwaka ule kiongozi mzee magoti yalimgomea, akabaki nyumbani. Wimbo ukashikwa na Mteri, mtu mkaidi kweli kweli, lakini kwa muda tu, mpaka apatikane wa kudumu. Nyuma yake alikuwepo Kiwoso, mwenye mabega mapana na mdomo mpana zaidi. Alikuwepo Aikande, mpishi wa msafara, mwanamke wa maneno machache. Na mbele ya Aikande alitembea Anaeli, mtoto wa kiume wa pekee wa Mama Ndeonasia, aliyekulia migombani na hajawahi kuuvuka msitu.

"Anaeli," Kiwoso akamwambia siku ya kwanza, "na kifua hicho cha kuku, utaimba mpaka wapi?"

"Utaniona," Anaeli akajibu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Siku ya kwanza, msituni, aliimba kuwashinda wote. Siku ya pili miti ikafupika ikawa ya kiunoni, na mapafu ya Anaeli yakatambua kabla yake kwamba hewa imekuwa nyepesi. Hayakumuuliza mtu. Yakaanza kuvuta haraka, kisha haraka na kwa kina. Palipotosha pumzi moja, yakavuta mbili. Moyo nao ukaingia mbioni. Hakuna ubaya, mapafu ya kila apandaye hufanya hivyo. Ila mtu anayevuta pumzi mbili kwa moja, ya kuimbia anaitoa wapi?

Basi Anaeli akafanya ujanja. "Mlima una haraka?" Wenzake wakajibu, yeye akafungua mdomo na kuufumba kama samaki. Sauti hakuna! Wengi waliimba, nani angejua?

Aikande alijua. Alisikia wimbo una tundu mbele yake. Lakini akamwonea huruma, akasema moyoni, acha kijana asiaibike.

Siku ya tatu, mawe matupu. Mteri aliona wingu linakuja, akaharakisha wimbo, na miguu ikafuata wimbo. Mchana walipofika kambi ya juu, Anaeli alikaa chini akakohoa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau.

"Mafua hayo," wakasema. "Mpeni chai ya tangawizi."

Aikande akaweka sikio mgongoni kwake. Akaweka tena.

"Humu kuna kitu kinachemka kama mtori wa ndizi chini ya mfuniko," akasema. "Ashuke. Sasa hivi."

"Mpishi husikia mtori kila mahali!" Kiwoso akacheka.

Anaeli akakohoa tena, na povu la rangi ya waridi likamwagika kiganjani. Kiwoso hakucheka tena. Alitupa mzigo, akambeba Anaeli mgongoni, akaanza kuteremka mawe yale anayopanda mtu kwa mikono na miguu. Aikande na Mteri wakamfuata, wengine wakabaki na mizigo.

Alishuka, akashuka, akashuka. Alianguka mara tatu, na mara zote tatu alianguka kifudifudi ili asimlalie mwenzake. Wakafika kibanda cha katikati. Ndani kuna moto, kuna maharage. Magoti ya Kiwoso yanatoka damu.

"Tupumzike kidogo tu," akasema.

"Niacheni nilale," Anaeli akanong'ona.

Mteri akasimama mlangoni, mikono huku na huku. "Hapa halali mtu. Hapa bado ni juu. Tushuke!"

Kiwoso alimtukana yeye, akamtukana babu yake, akataka kumsukuma. Mteri hakusogea. Wakashuka tena, Kiwoso akilia kwa hasira na uchovu. Jua lilipokaribia kuzama waliingia msituni, na kila walivyoshuka kifua cha Anaeli kilipungua kuchemka. Walipofika zahanati ya chini, muuguzi akampa oksijeni. Baada ya siku mbili Anaeli aliuliza kama kuna ndizi.

Mama Ndeonasia alifika akilia na kucheka kwa pamoja. "Naambiwa kifua kilijaa maji. Mwanangu alimezaje maji, na mlimani hakuna mto?"

"Mama," muuguzi akasema, "mapafu ni nyumba ya vyumba vingi sana. Chumba kikikosa hewa, mishipa yake hujibana, ili damu iende kwenye chumba chenye hewa. Ni akili hiyo. Lakini huko juu vyumba vyote vina hewa haba. Mishipa ikajibana nyumba nzima, moyo ukazidi kusukuma, maji ya damu yakavuja vyumbani. Alikuwa anazama kwenye kifua chake mwenyewe."

Mama akachinja mbuzi. Sasa, katika nyumba ile kidari hakikatwi vipande. Anapewa mtu mmoja, mbele za watu, kizima. Na wapagazi wakakubaliana kwamba atakayepewa kidari hicho ndiye atakayeshika wimbo miaka yote ijayo. Kwa hiyo msidhani ni ugomvi wa nyama. Anayeshika wimbo ndiye anayeshika pumzi za watu.

Aikande akasimama. "Mimi nilisikia. Nisingesikia, mngemnywesha tangawizi mpaka afe."

"Njiani ulikiri mwenyewe kwamba ulisikia tangu jana yake ukanyamaza!" Mteri akasema. Aikande akatazama chini.

Kiwoso akasimama. "Mimi nilibeba. Sikio halimshushi mtu mlima. Tazameni magoti haya!"

"Na nani alimwita kifua cha kuku, hata akaogopa kusema amechoka?" Aikande akauliza. Kiwoso akafunika magoti.

Mteri akasimama. "Mimi nilikataa. Bila mimi, mngekuwa mnakula maharage kando ya maiti."

"Na nani aliharakisha wimbo?" Kiwoso akauliza. Mteri akakaa tena chini.

Ndipo Anaeli akainuka kwenye mkeka. "Mama, hawa wote nawashukuru, wamenirudisha. Lakini kabla yao, nani alinifanyia kazi usiku na mchana, pumzi mbili kwa moja, bila kuombwa? Mapafu yangu! Kidari kiende kwa wenye kifua. Nitakula mwenyewe kwa niaba yao."

Watu wakacheka mpaka mbuzi wa jirani wakaitikia.

"Mapafu hayohayo ndiyo yaliyotaka kukuzamisha!" mama akasema.

"Yalifanya yanachojua, mama. Aliyedanganya ni mdomo wangu. Na nikishika wimbo, hakuna atakayeweza kunidanganya. Samaki wote nitawatambua."

Vicheko vikakatika. Watu wakatazamana, maana kijana hakuwa amesema upuuzi.

Mama Ndeonasia alisimama na kidari kwenye jani la mgomba. Akamtazama aliyesikia akachelewa kusema. Akamtazama aliyedhihaki akabeba. Akamtazama aliyeharakisha akakataa kusimama. Akamtazama mwanawe, aliyedanganya akajifunza. Akalinyoosha jani, akalirudisha kifuani, maana mwezi ujao Anaeli angepanda tena, na yeyote atakayepewa nyama ile ndiye angemtangulia.

Mimi nilipoondoka pale walikuwa bado wanabishana, na mafuta yalikuwa yameanza kuganda. Sasa nyinyi mnaojua kila kitu, semeni. Ingekuwa ni mwanao anayepanda kesho, ungemtembeza nyuma ya wimbo wa nani? Je, kidari kile nani alikistahili?