Pikipiki Iliyowekwa Wakfu

Kulikuwa na mchungaji mmoja wa usharika wa milimani. Naona mmeanza kutazamana. Acheni, hamumjui, na hata mkimjua haitawasaidia kitu. Mchungaji huyu alikuwa na pikipiki. Waumini waliinunua kwa jasho lao, wakaifunga utepe, askofu akaiombea mbele ya kanisa na kuiweka wakfu kwa kazi moja tu: kuwafikia wagonjwa na wazee wasioweza kuja ibadani.

Miaka kumi na miwili ikapanda na kushuka vilima, mwisho ikachoka. Siku moja ilizima mlangoni kwa mchungaji na kukataa katakata kuwaka. Fundi akaitwa, akaifungua, akapangusa mikono, akasema, "Mchungaji, kutengenezeka itatengenezeka. Ila nisikufiche, kila mwezi tutakuwa tunaonana."

Basi suala likapelekwa kwenye baraza la wazee: tuitengeneze hii, au tununue nyingine? Mzee mmoja akasema inunuliwe nyingine, hii iuzwe skrepa. Mwenzake akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mungu apishe mbali! Chombo kilichowekwa wakfu unakiuza skrepa? Kesho spea zake zikifungwa kwenye pikipiki ya mbeba gongo, dhambi hiyo ya nani?" Ehee! Ikaundwa kamati. Kamati ikaandika jimboni kuomba mwongozo. Jimbo likajibu kwamba barua imepokelewa. Mnacheka? Chekeni tu, hata sisi hapa tuna kamati zetu.

Sasa, ng'ambo ya bonde aliishi mzee aliyepooza upande mmoja. Kila mwezi mchungaji alikuwa akimpelekea Meza ya Bwana pale pale kitandani. Pikipiki ilipokufa, mzee alituma mtu kuuliza. Mchungaji akajibu, "Mwambie avumilie, usafiri umeharibika, baraza linashughulikia." Mwezi wa pili akajibu hivyo hivyo. Wa tatu hakuulizwa tena. Na niwaambie ukweli, moyoni mchungaji aliona nafuu. Nyumba ile ilikuwa inanuka ugonjwa, na mzee mwenyewe ulimi ulikuwa mzito, neno moja dakika nzima. Kila alipoiona pikipiki imeegemea ukuta, kuku wanalala juu yake, mchungaji alijisikia mtu mwenye udhuru halali, akaingia ndani kunywa chai yake kwa amani.

Mwezi wa tano baraza likakata shauri: inunuliwe nyingine, na ile ya zamani ifungiwe stoo ya kanisa mpaka Bwana arudi. Ikatangazwa Jumapili ya mnada. Kila mtu alete alichonacho, ndizi, mayai, mahindi, vinadiwe uwanjani baada ya ibada.

Siku hiyo mnada umechangamka, watu wanapandishiana bei kwa vicheko, mara akaingia mama mmoja mzee, miguu tope mpaka magotini, kuku kwapani. Mchungaji akamtambua. Alikuwa mke wa yule mgonjwa.

"Shikamoo, mama. Umeletwa na nani?"

"Marahaba, baba mchungaji. Nimeletwa na miguu yangu. Nimemnywesha mzee uji wa asubuhi, nikamwachia jirani, nikaanza safari."

"Hajambo lakini?"

"Yupo. Mkate hamezi tena, sasa ni vya kijiko tu. Ametuma huyu kuku kwa ajili ya pikipiki." Kisha akasogea karibu, akashusha sauti kama mtu anayeomba radhi. "Amesema ikinunuliwa usihangaike kuanza na sisi, baba. Anza na wale wa mbali. Sisi ni wa hapa hapa tu."

Wa hapa hapa tu! Ndugu zangu, mngekuwa ninyi, sura mngeificha wapi? Mchungaji alisikia masikio yanawaka. Akatazama ile miguu yenye tope, miguu ya bibi wa miaka sabini na kitu. Akakumbuka kwamba mwezi uliopita tu yeye mwenyewe alitembea kwa miguu, tena mwendo mrefu kuliko huo, kwenda kula pilau kwenye harusi ya binti wa mwenyekiti. Akampokea yule kuku, akamkabidhi mzee wa kanisa.

Akaingia kanisani, akachukua mkate na divai, akamfuata yule mama. Walifika mapema tu, jirani hata hajaanza kupika cha mchana. Mchungaji akalowesha mkate katika divai, akamlisha mzee kwa kijiko. Nusu ilitiririka kidevuni. Miezi mitano kabla, mzee huyu alikuwa akitafuna mwenyewe. Mchungaji akamfuta, akafungua kinywa aombe msamaha, lakini mzee akamtangulia. Alihangaika na ulimi wake, neno kwa neno: "Pole... mchungaji... Pole na... pikipiki."

Mchungaji akalaza uso kwenye blanketi, akalia kama mtoto.

Sisi je? Msiniambie baraza lilikosea. Pikipiki ilikuwa imekwisha kweli, na nyingine ilihitajika kweli. Hapo ndipo penye hatari, wapendwa. Uongo unatusuta, hatulali usingizi. Lakini tukipata udhuru wa kweli, wenye kamati na muhtasari wa kikao, tunaulalia miezi mitano na kukoroma juu yake. Mama yako hujamwona tangu lini, kwa sababu gari iko gereji? Yule jirani aliyefiwa, unasubiri upate nini ndipo uvuke barabara?

Yupo mtu uliyemwambia "nitakuja". Wala hakulaumu. Anakuonea huruma, anakuombea usafiri. Kwa hiyo leo ibada ikiisha, msinipange foleni pale mlangoni kuniambia mahubiri yalikuwa mazuri. Piteni, mwende. Na mimi mtaniwia radhi sitasimama kuwapa mkono, maana ninaye wangu, na ni wa hapa hapa tu.