Leo Imebonyea Wapi?

Wapendwa, akina mama mlio kwenye kamati ya jikoni naomba mnisikilize vizuri, maana leo naingia kwenye eneo lenu. Nikikosea kipimo msinisahihishe hapa mbele ya watu. Mnisubiri nje, kama kawaida yenu.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeolewa kijiji cha milimani, kijiji cha baridi na tangawizi. Jina simpi, kwa sababu kila nikitaja jina kwenye mfano, wiki nzima napigiwa simu na mwenye jina. Mama huyu alikuwa ameishi miaka kumi na minne pale kijijini, na katika miaka yote hiyo, iwe msiba au harusi, kazi yake ilikuwa moja tu: kuosha sufuria. Wenzake wanakaanga, wanaonja chumvi, wanabishana kuhusu kitunguu, yeye yuko nyuma ya nyumba na majivu yake anasugua. Wala hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Alipokuwa bado bibi harusi mgeni aliunguza wali siku moja, na wifi yake akasema kwa utani, "Huyu mpeni sufuria aoshe." Watu wakacheka, yeye naye akacheka, na utani ule ukageuka cheo. Je, humu ndani hatuna watu tuliowapa vyeo vya namna hiyo, na tumeshasahau ni lini tuliwapa?

Sasa kila mwaka kijiji kile kilikuwa na maonyesho. Watu wanaleta maharage, wanaleta tangawizi, wanaleta jogoo aliyeogeshwa kwa sabuni. Mwaka huo wakaongeza shindano la keki ya sponji, na wakatangaza kwamba atakayeshinda ndiye atakayeoka keki ya jubilei ya kanisa lao. Yule mama aliposikia tangazo hilo moyo wake uliruka. Alilala akiiona keki ya jubilei mezani, na wifi yake amesimama pembeni na sahani mkononi, akisubiri kukatiwa.

Akina baba, mnaodhani keki huota dukani, ngoja niwaeleze. Sponji haina ujanja. Haitiwi krimu wala kupambwa kwa maua ya sukari. Ni mayai, sukari na unga. Unayapiga mayai na sukari mpaka mkono unakufa ganzi, yanakuwa meupe na mazito, ndipo unachekecha unga juu yake taratibu, usije ukaua ule upepo ulioingia. Na kule milimani nani ana oveni? Unachukua sufuria kubwa, unatandaza mchanga chini, unaweka sufuria ndogo ya keki ndani yake, unafunika, kisha mkaa unauweka chini na mwingine juu ya kifuniko. Halafu unafanya jambo gumu kuliko yote, unakaa unaiacha. Ukifunua kuchungulia, baridi ya mlimani inaingia, majivu yanadondoka, na keki iliyokuwa imeumuka vizuri inashuka mbele ya macho yako.

Mama yetu akasema atafanya mazoezi kila Jumamosi hadi siku ya maonyesho. Jumamosi ya kwanza alifunua mapema, keki ikabonyea katikati. Jumamosi ya pili alijizuia kufunua, lakini jiko lilikaa mshazari, keki ikainama upande. Jumamosi ya tatu mume wake, mtu mwema kabisa, alipita jikoni akaona mkaa wa juu umefifia, akaongeza beleshi zima ili amsaidie mkewe. Siku hiyo keki ilitoka nyeusi juu na mbichi chini, na mume aliambiwa asikanyage jikoni mpaka jubilei ipite.

Keki zilizoharibika zilikwenda wapi? Kuzitupa aliona ni dhambi, mayai sita si mchezo. Kuziacha nyumbani aliogopa, kwa sababu wifi yake alikuwa na tabia ya kuingia bila hodi na kufunua vyungu vya watu. Basi akafanya hivi: nyuma ya nyumba yake, ukishavuka shamba la migomba, aliishi bibi mmoja peke yake, aliyemzika mumewe miezi michache iliyopita. Mama akawa anaifunga keki kwenye kitambaa, anapita katikati ya migomba ili asionekane, anamwachia bibi, anarudi mbio. Naomba tuelewane hapo. Hakwenda kutembelea mjane. Alikwenda kuficha ushahidi.

Lakini bibi yule, tangu mazishi, chakula kilikuwa kimemshinda. Ugali, alisema, unamkaba kooni. Ndizi hazina ladha. Majirani walileta vyakula wakachoka, vikawa vinarudi kama vilivyokwenda. Na nje ya ua wake alikuwa hatoki kabisa, hata kanisani. Ile keki ya kwanza, iliyobonyea, aliimega kidogo kwa adabu tu, asije akamuudhi mleta. Ikayeyuka mdomoni. Akamega tena. Jioni ilikuwa imebaki chembe za kuwapa kuku.

Jumamosi ya pili mama alimkuta bibi ameketi kibarazani, amejifunga kitenge safi, birika la chai liko tayari. Bibi akaitazama ile keki, akauliza huku anatabasamu, "Leo imebonyea wapi?"

Mama akaona aibu, akajibu kwamba leo imeinama upande wa kulia. Bibi akasema hakuna shida, wataanza kuila upande mrefu. Ikawa ndiyo salamu yao. Kila Jumamosi mama anatokea kwenye migomba na uso wa huzuni, kila Jumamosi bibi anauliza leo imebonyea wapi, na wanacheka wote wawili. Mama alikuja mara saba na keki saba zilizoharibika. Bibi alinenepa mashavu, na mama hakuliona hilo, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye maonyesho.

Wapendwa, mnaona kinachokuja?

Ikafika Jumamosi ya nane, siku yenyewe. Aliamka alfajiri, akapiga mayai hadi mkono ukafa ganzi. Jiko aliliweka sawa kwa kulipimia maji ya kwenye sahani. Mume alifungiwa nje. Akakaa kando ya ile sufuria bila kuigusa, akaimba nyimbo tano za kitabuni, beti zote, ili ajizuie kufunua. Alipofunua, ndugu zangu, keki ilikuwa imesimama. Rangi ya dhahabu, juu tambarare, ukiibonyeza kwa kidole inarudi. Mama alilia kwa furaha peke yake jikoni. Akaiweka kwenye sinia, akaifunika kitambaa cheupe, akaamua kwenda kwa miguu, maana bodaboda ingeitikisa. Na njia fupi ya kwenda uwanjani ilipita kwenye migomba, mbele ya nyumba ya bibi.

Bibi alikuwa kibarazani. Kitenge safi, birika tayari, vikombe viwili.

"Leo imebonyea wapi?" akauliza.

Mama akafunua kitambaa kwa fahari. "Leo haijabonyea popote, bibi. Hii ni ya mashindano."

Bibi akaitazama kwa muda. Hakununa. Hakulalamika. Akatabasamu vilevile, akachukua kikombe kimoja kati ya viwili, akakifunika juu ya sahani, akasema:

"Basi leo si yangu. Nenda mwanangu, usichelewe. Mungu akushindie."

Mama akapiga hatua mbili, tatu. Akasimama. Lile neno "si yangu" lilimwingia, kwa sababu bibi hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayejua mambo yalivyo. Ikibonyea ni yake, ikisimama ni ya watu wengine. Na mama akakumbuka miaka yake kumi na minne nyuma ya nyumba na sufuria. Wali ukiiva vizuri ulikuwa wa wengine, na ukoko wa chini ulikuwa wake.

Masharti ya shindano aliyajua kwa moyo: keki iwe nzima, isiguswe na kisu. Jaji alikuwa mwalimu mstaafu wa sayansikimu, mama asiye na mchezo. Mama alisimama pale njiani, sinia mikononi, keki ya jubilei upande mmoja na kikombe kilichofunikwa upande wa pili. Nyie mngefanyaje? Msinijibu haraka, nawajua.

Akarudi. Akakaa kibarazani, akaomba kisu. Bibi akakataa katakata, akamwambia asifanye wazimu. Mama akaingia mwenyewe ndani, akatoka na kisu, akakata robo nzima, ile sehemu yenye rangi nzuri kuliko zote. Bibi akala taratibu. Alipomaliza alifuta mdomo, akasema, "Nzuri. Ila ile iliyoungua juu ilikuwa na utamu wake."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Keki iliyobaki mama aliipeleka uwanjani hivyo hivyo. Mwalimu wa sayansikimu alifika kwenye sinia lake, akafunua, akaona pengo. Akavaa miwani yake. Akasoma masharti kwa sauti, akasema keki hii haiwezi kupimwa, na akataka kujua ni nani aliyeila kabla ya jaji.

Nyuma ya watu ikasikika sauti. "Ni mimi."

Watu wakageuka. Alikuwa bibi, na mkongojo wake, na kitenge chake safi. Mtu ambaye hakuwa ametoka nje ya ua wake tangu siku ya mazishi, amepanda mlima kwa miguu yake kuja kusema ukweli. Mume wa mama ndiye aliyemwona vizuri kwanza, na baba wa watu akaanza kulia. Kisha mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na wa pili, na uwanja mzima ukaitika, ng'ombe wa maonyesho wakashtuka. Hakuna aliyekumbuka keki. Kijiji kilimpokea bibi wake kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu.

Mshindi alipatikana, mama mwingine, na keki ya jubilei aliioka yeye, tena ilikuwa nzuri, tusiwe na wivu. Na mama yetu siku ya jubilei alikuwa wapi? Nyuma ya nyumba, anasugua sufuria. Ila safari hii kulikuwa na kigoda pembeni yake, na bibi amekaa juu yake anafuta vifuniko, na walioonja chumvi wakawa wanakuja nyuma kuulizana kuna nini huko, mbona kicheko hakiishi.

Sasa tugeukie kwetu. Sisi tulioketi humu tumevaa vizuri.

Sikilizeni, Mungu hazidharau keki zilizobonyea. Mmeona wenyewe, keki saba mbaya, zilizotolewa kwa kuficha aibu, zimemrudisha mtu kwenye chakula. Ukitoa kilichokushinda, Mungu atakipokea na kukifanyia kazi. Hilo ni neno la furaha, lishikeni. Lakini je, hatujamzoesha kupokea mabaki? Kuku tunayemleta mnadani siku ya mavuno, si ndiye yule aliyeacha kutaga? Ninyi mnacheka, mimi ndiye ninayemnunua. Mgonjwa tunampelekea muda uliobaki baada ya mambo yetu yote. Mama mzazi tunampigia simu chaji ikiwa imebaki kidogo. Uso wetu mzuri tunawapa wageni, na wa nyumbani wanapata ule uliobonyea. Na wao hawalalamiki. Wameketi kibarazani na vikombe viwili, na kitu kizuri kikipita mbele yao wanakifahamu mara moja: hiki si changu.

Nani anakusubiri wewe hivyo? Unamjua. Umeshamfikiria tangu nilipoanza kusema.

Wiki hii usimpelekee kilichoharibika. Mpelekee ile iliyosimama, iliyokuumiza mkono, uliyotaka ionekane na watu. Atashangaa. Atatafuta mahali ilipobonyea na hatapaona. Atakuuliza hii ni ya nani.

Mwambie, "Ni yako."