Vigelegele Havisimamishi Hema

"Vigelegele havisimamishi hema," Babu Mhina alimwambia mjukuu wake, aliyekuwa akijisifia banda la kuku ambalo bado halijapigwa hata msumari. Vijana waliokuwapo wakacheka, wakataka kujua msemo huo umetoka wapi. Babu akajiweka vizuri kitini. Methali hii ilianza hivi.

Pale Tanga palikuwa na kampuni ya kuandaa harusi, mali ya Bi Mwanahawa. Kazi zilipishana kila wiki: viti vimefika, hema halipo, maua yamefika, bibi harusi keshaondoka. Bi Mwanahawa akaamua kununua programu ya kupangia kazi, ambayo kila kazi huwa kadi kwenye simu, na kadi husogezwa kutoka "Bado" hadi "Tayari". Uchaguzi akamwachia Shekue, msimamizi wake kijana.

"Chagua, uijaribu kwenye harusi ya Jumamosi," alimwambia. "Ikituaibisha, usimamizi nampa Mbaruku, mpanga viti."

Shekue alitazama programu mbili. Ya kwanza ilikuwa kavu kama muhogo wa juzi: kadi haikufika "Tayari" mpaka mtu atakayeitumia kazi hiyo aikubali. Ya pili ilikuwa na rangi kama duka la kanga, na kila kadi ilipofika "Tayari", simu zote za kampuni zilipiga vigelegele.

"Hii ndiyo ya watu wa harusi!" Shekue akasema, akaichukua papo hapo.

Jumamosi simu hazikunyamaza. Kila mtu alitaka kigelegele chake. Waliopakia nguzo za hema garini wakaisogeza kadi ya hema hadi "Tayari". Kufika mchana, Shekue aliona kadi karibu zote ziko "Tayari". Kifua kikamjaa, akavaa kanzu mpya, akaenda kwenye harusi kupokea pongezi.

Alimkuta Bi Tatu, mpishi, amesimama juani na sufuria la pilau. Hema lilikuwa limelala chini kama ng'ombe aliyeshiba.

"Shekue mwanangu, hema liko wapi?"

"Tayari, Bi Tatu. Tazama simu."

"Kwa hiyo pilau nipakulie ndani ya simu?"

Shekue alitaka kufoka, ila matarumbeta ya msafara wa bwana harusi yalikwisha kusikika. Hatima ya usimamizi wake ilikuwa inakuja nao barabarani. Mara simu ikapiga kigelegele kingine.

"Nani tena huyo?" Shekue akauliza.

"Mimi," akajibu Mbaruku. "Kadi ya viti. Nimevipanga."

"Wapi?"

"Hapo juani."

"Enyi watu, vigelegele havisimamishi hema!" Bi Tatu akapaza sauti. "Shikeni kamba!"

Shekue akavua kanzu, akakumbatia nguzo ya kati. Mbaruku akavuta huku, Bi Tatu akavuta kule, mwiko ukiwa kwapani. Msafara ulipokata kona, hema likainuka, na bwana harusi akaingia kivulini bila kujua lolote.

Jumatatu Bi Mwanahawa akauliza, "Haya, bwana programu?"

"Nilichagua kwa masikio, mama," Shekue akasema. "Tuchukue ile kavu. Na kadi ya hema aikubali Bi Tatu, maana ndiye anayekaa chini yake."

Bi Mwanahawa akacheka mpaka akajifuta machozi. Usimamizi akamwachia.

Babu aliponyamaza, mjukuu wake alikuwa keshainuka kutafuta nyundo. Alipopiga msumari wa kwanza, wenzake wakampigia kigelegele.

"Ngojeni afikie msumari wa mwisho," Babu akasema. "Vigelegele havisimamishi hema."