Wapigakura Arobaini wa Mguu Mmoja

Haya yalitukia zama ambazo wanyama walikuwa na serikali, nayo serikali ilikuwa na wanyama wake. Mvua ya mwisho ilinyesha Ijumaa, tarehe 3 ya Mwezi wa Upepo, kwa muda uliotosha kulowesha mgongo wa chura, kisha mbingu zikafunga. Kufikia Mwezi wa Vumbi nyika nzima ilibakiwa na dimbwi moja tu, nalo lilikuwa chini ya uangalizi wa Chama cha Kunguruma, ambacho mwenyekiti wake, mlezi wake na mgombea wake wa kudumu alikuwa Simba.

Chama hakikumnyima mtu maji. Kiliweka utaratibu tu. Asubuhi walikunywa Simba na jamaa zake, adhuhuri wakanywa makada, na jioni wananchi wadogo, yaani kobe, sungura, nguchiro na wenzao, wakanywa kilichosalia. Kilichosalia kilikuwa tope. Katika mwezi mmoja Mzee Kobe alikuwa amezika ndugu zake watatu, na binti yake wa mwisho hakuwa tena na nguvu ya kutoa kichwa nje ya gamba.

Mzee Kobe huyo ndiye aliyekuwa Msimamizi wa Uchaguzi. Alipewa kazi hiyo kwa sababu mbili: alikuwa na kumbukumbu nzuri ya tarehe, na hakuwa na mbio za kumwezesha kutoroka. Mara sita alikuwa amemtangaza Simba kuwa mshindi, na mara zote sita alikwenda nyumbani akajificha ndani ya gamba siku tatu, akisingizia mafua.

Uchaguzi wa saba ulifanyika Jumatano, tarehe 14. Kupiga kura kwao kulikuwa kutembea. Njia mbili zilimwagiwa maji na kusawazishwa kwa udongo wa mfinyanzi: aliyemtaka Simba alipita kulia, na aliyemtaka Bi Kongoni, aliyeahidi kwamba wadogo watakunywa kwanza, alipita kushoto. Jua likikausha udongo, Msimamizi alihesabu nyayo. Waliojiandikisha walikuwa mia mbili na kumi na wawili, na hadi saa tano wote walikuwa wamekwisha kupita.

Ndipo Fisi, Katibu wa Chama, alipotangaza mapumziko.

"Wananchi mmechoka," alisema kwa huruma iliyomdondosha mate. "Nendeni vivulini. Mimi nitalinda kura."

"Utazilinda na nani?" Bi Kongoni akauliza.

"Na dhamiri yangu, Bi Kongoni."

"Yaani peke yako."

Saa saba waliporejea, Mzee Kobe alianza kuhesabu, polepole kama ilivyo desturi yake. Njia ya kushoto ilikuwa na kura mia moja ishirini na moja. Akahamia kulia, akahesabu tisini na moja, na hapo angefika mwisho, lakini njia ilikuwa inaendelea. Mbele kulikuwa na kura nyingine arobaini, kila moja ikiwa na alama za ukwato mmoja tu, wa mguu wa mbele wa kushoto.

Akarudia hesabu. Wapigakura mia mbili na kumi na wawili walikuwa wamepiga kura mia mbili hamsini na mbili.

"Mheshimiwa Katibu," alinong'ona, "kura zimewazidi wapigakura."

"Huo ni mwamko wa wananchi," Fisi alijibu. "Wewe andika."

"Na hawa arobaini wamevuka kwa mguu mmoja."

"Walemavu. Au Mzee unawabagua walemavu?"

Mwenye malalamiko, Fisi aliongeza, milango ya mahakama iko wazi. Ni kweli ilikuwa wazi. Hakimu wa mahakama hiyo alikuwa Simba yule yule, ila siku za kesi aliketi akitazama mashariki.

Mzee Kobe alimtazama binti yake, aliyelazwa kando ya umati. Gamba lile dogo halikutikisika. Miaka minne mingine ya utaratibu ule asingeifikia. Hata siku nne zilikuwa nyingi. Akamtazama Simba, aliyekwisha kupanda juu ya kichuguu na kutikisa manyoya yake tayari kwa hotuba ya shukrani.

Hapo Sungura, wakala wa Bi Kongoni, akajitokeza akiwa ameinamisha masikio kwa adabu kubwa mno.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hongera," alisema. "Sisi tulioshindwa tunakubali. Mimi nimeguswa na hawa arobaini tu. Mtu mwenye mguu mmoja anatoka kwake juani, anarukaruka hadi hapa kukupigia kura wewe. Nani tena katika nyika hii anapendwa hivyo?"

"Hakuna," Simba alisema, kwa kuwa alikuwa mkweli katika mambo yaliyomsifu.

"Basi wasiondoke mikono mitupu. Ingekuwa amri yangu, kila kura ya mguu mmoja ingelipwa paja moja kutoka ghala la Chama. Lakini mimi nani? Pengine ghala halina uwezo."

Ghala lilikuwa limejaa. Tarehe 20 ya mwezi uliotangulia wanyama walikuwa wametia sahihi Mkataba wa Dimbwi, uliokataza mnyama kumla mwenzake hadi mvua irudi. Walanyama wangegawiwa mizoga, na Chama kikakubali kuitunza. Kwamba wenye kwato hawali nyama, hakuna aliyeliuliza. Zawadi za uchaguzi hazijawahi kuchaguliwa kwa kumfaa mpewaji.

"Ghala langu halina uwezo?" Simba alinguruma. "Wapewe. Paja moja kwa kila kura."

"Na asiyeweza kufika kwa ulemavu wake?" Sungura aliuliza taratibu. "Nadhani wakala wake akileta ukwato, Mzee Kobe akaulinganisha na alama, inatosha."

"Inatosha," Simba alisema. "Endeleeni, nina hotuba."

Fisi alikuwa amekwisha kuondoka. Mapaja arobaini yalimpita kichwani kwa mstari, yakinukia, na kwa mnyama wa tabia yake hapakubaki nafasi ya wazo la pili. Alirejea anahema, akiburuta mfuko wa ngozi, akaumwaga mbele ya Msimamizi. Zilianguka kwato kumi na moja.

"Mimi ni wakala wa hawa," alisema. "Pima upesi, Mzee. Huu peke yake umepiga kura saba, nadai mapaja saba. Huu mara nne. Huu mdogo mara mbili tu, ulianza kupasuka."

Mzee Kobe aliuchukua wa kwanza, akauweka juu ya alama. Uliingia sawasawa. Akauchukua wa pili, nao ukaingia. Ndipo alipoona ufa aliokuwa akiufahamu.

"Huu ni wa Mzee Nyumbu," alisema. "Katibu uliniandikisha kwamba alihama tarehe 27, kutafuta malisho."

"Alihama, ndiyo. Akauacha."

"Na huu?"

Swali hilo halikutoka kwa Kobe. Lilitoka kwa Nyati, mwenyekiti wa vijana wa Chama, ambaye asubuhi ile alikuwa amepita kulia kwa mbwembwe zote. Alikuwa ameinama juu ya ukwato mpana, mweusi.

"Katibu," alisema, "kaka yangu alihama tarehe ngapi?"

Mzee Kobe, ambaye kwa miaka ishirini na minne hakuwahi kumuuliza mkubwa swali la pili, alijisikia akiuliza.

"Iko wapi miguu mingine mitatu?"

"Mzee, acha mambo ya kitoto," Fisi alifoka. "Hii minne yote ningeitunzaje, na njaa hii? Nimejinyima mmoja mmoja kwa ajili ya Chama, bado naulizwa."

Nyati aliinua kichwa kutoka kwenye ukwato.

"Mimi nilikutuma?" Simba aliuliza kutoka juu ya kichuguu.

"Hukunituma, Mheshimiwa. Uliniambia tu kwamba hungependa kushindwa."

Simba alikunja makucha. Alikuwa tayari kuitwa mwizi wa kura, maana wakubwa wenzake wengi waliitwa hivyo na walilala vizuri. Kilichomchoma ni kugundua kwamba mapenzi yale ya kurukaruka juani yalitoka katika mfuko wa Fisi.

"Mzee Kobe," alisema kwa sauti ya chini, "soma matokeo kama ulivyozoea."

Kobe aligeuza kichwa. Nyati alikuwa amehama upande. Nyuma yake wakahama nyumbu, kisha swala, hata baadhi ya waliopita kulia asubuhi, pembe zao zikielekea kichuguu. Binti yake alikuwa bado ndani ya gamba.

"Bi Kongoni, mia moja ishirini na moja," alisoma. "Mheshimiwa Simba, tisini na moja. Kura arobaini zimeharibika, kwa kuwa wenyewe wameliwa. Leo ni Jumatano, tarehe 14, saa tisa na robo."

Sauti yake ilitetemeka katika kila neno isipokuwa tarehe.

Simba aliwahesabu wenye pembe, akawahesabu jamaa zake, kisha akatangaza kwamba kwa muda mrefu alikuwa akifikiria kupumzika. Kila mmoja alimpongeza kwa ukomavu wake. Fisi alifukuzwa nyikani, na Nyati alijitolea kumsindikiza. Mfuko aliruhusiwa kubeba, ukiwa mtupu.

Jioni ile wadogo walikunywa kwanza. Mzee Kobe alimsukuma binti yake hadi ukingoni, akaona kichwa kidogo kikitoka taratibu, kikagusa maji, kikanywa. Nyuma yao Simba alikuwa amesimama akiuliza mwisho wa foleni uko wapi, na ngiri akamwonesha.

Toka mwaka huo, katika nyika ile, kura huhesabiwa kwa miguu yote minne, naye anayejisifu kuwa wananchi wanampenda huombwa kwanza, kwa heshima zote, kuwaonesha wakiwa hai.