Bomba Lililokatwa Asubuhi ya Mbio

Wapendwa, leo nawaletea pikipiki. Najua wazee wa kanisa hapo mbele wameshakunja uso. Najua pia vijana wa bodaboda kule nyuma, wale ambao wakisikia tangazo la kwanza tu wanatoa simu, sasa hivi wamekaa wima. Vizuri. Leo mtanisikiliza wote, kila mtu kwa sababu yake.

Palikuwa na fundi mmoja huko kwenye mashamba ya mkonge. Mtu wa miaka arobaini hivi, mikono ina grisi hata siku ya harusi, na kutulia hakujui kabisa. Ukimpa chai ataikoroga mpaka ipoe. Akikaza nati atarudi kuijaribu, ataondoka hatua tatu, atarudi tena. Mkewe alishachoka kusema, huyu hata akilala miguu inatembea. Kazi aliijua, tena aliijua sana, lakini hakuwahi kukitazama kitu alichokitengeneza akasema, basi, hiki kimekwisha.

Alikuwa na kaka yake, aliyempita miaka ishirini na miwili, na huyo ndiye aliyemfundisha ufundi. Kaka mtu alikuwa amepofuka. Presha ya macho ilimla polepole, kwanza jicho moja, halafu la pili, mpaka akabaki anawajua watu kwa sauti. Lakini masikio yake, jamani, yalikuwa mazima. Pikipiki inapita barabarani, yeye amekaa kibarazani na redio yake, anakuambia mnyororo wa yule umelegea, hafiki mbali.

Hao ndugu wawili walinunua pikipiki chakavu, mojawapo ya zile walizokuwa wakipanda mabwana shamba wakati mimi niko darasa la tatu. Waliikuta kwenye banda, kuku ametagia juu ya kiti. Wakakubaliana waifufue kwa ajili ya mbio. Maana kule kuna kiwanja cha ndege cha wenye mashamba wa zamani, lami bado ipo, siku hizi wanaotua pale ni kunguru tu. Mara moja kwa mwaka, watu wenye pikipiki kuukuu walizozichokonoa wenyewe hukutana hapo. Wanasimama wawili wawili, kitambaa kinashushwa, wanakwenda mstari mnyoofu mita mia nne. Hakuna kona wala mzunguko wa pili. Sekunde kumi na sita, kumi na saba, kazi ya mwaka mzima imekwisha.

Waliitengeneza kwa miezi kumi na minne. Walipunguza kila kilichokuwa kizito, taa, kibebeo, vioo, hata kiti walikichonga upya. Lakini kazi yenyewe ilikuwa bomba la moshi. Wanaojua wananiambia kwamba zile injini ndogo za zamani, zinazochoma petroli iliyochanganywa na oili, hupumua kwa bomba. Likizidi urefu inazubaa. Likipungua inapiga kelele lakini nguvu haina, na ikilazimishwa inaungua ndani. Kaka mtu alilitafuta bomba hilo kwa miezi mitatu. Mdogo anakata kipande, analehemu, anawasha. Kaka anainamisha kichwa, anasikiliza, anasema bado, ongeza upana wa vidole viwili. Kesho yake anasema umezidisha, punguza kimoja.

Alhamisi moja mchana mdogo akawasha, na kaka akanyamaza muda mrefu kuliko kawaida.

"Hapo," akasema. "Imekwisha. Usiiguse tena."

"Siigusi, kaka."

"Nakujua wewe. Mikono inakuwasha."

"Nimesema siigusi."

Sasa sikilizeni kwa nini kaka mtu alilikazania neno hilo. Mkewe alikuwa amefariki, macho ndiyo hayo, na binti yake aliyeolewa Mwanza alikuwa ameshamkatia tiketi. Jumatatu basi la asubuhi, anakwenda kukaa kwa mtoto, na umri ule hakuna anayesema atarudi lini. Mbio zilikuwa Jumamosi. Kitu alichoomba kilikuwa kimoja tu, awekwe kwenye kiti kule mwisho wa mstari, aisikie pikipiki yao ikija kwa nguvu zake zote. Uani walikuwa wakiiwasha imesimama. Ikiwa mbioni hakuwahi kuisikia hata mara moja.

Jumamosi ikafika. Fundi alimpeleka kaka yake mapema, akamweka chini ya mwavuli, chupa ya chai mguuni, akamwambia subiri hapa, sisi ni wa tisa. Kisha akaisukuma pikipiki mpaka mwanzo wa mstari. Na hapo ndipo shida ilipoanzia, wapendwa, kwa sababu kulikuwa na saa nzima ya kungoja, na kungoja hakukuwa kazi ya mtu yule.

Akaifuta pikipiki. Akaifuta tena. Akapima upepo wa tairi, akautoa kidogo, akaujaza. Akaenda kutazama za wenzake, mikono nyuma kama mkaguzi, akarudi. Kila injini iliyowashwa ilimpandisha roho juu. Hii nayo wameifanya nini? Ile mbona inavuma vile?

Mara akatokea jamaa mmoja kutoka Handeni, amechelewa, vumbi mpaka kwenye kope. Akaiwasha pikipiki yake. Wapendwa, mlio ule uliwafanya watu waache mihogo yao ya kukaanga. Ulikuwa mlio wa kupasua, unausikia kifuani. Watoto wakaziba masikio wakicheka. Wanaume wazima wakasogea.

Fundi wetu naye akasogea. Akauliza anashindana na nani. Akaambiwa, wewe ni na huyohuyo wa Handeni.

Akaiwasha ya kwake. Ile ambayo Alhamisi ilimnyamazisha bingwa. Sasa akaisikia kama cherehani. Akajiambia, yule amelikata bomba lake, ndiyo siri yake. Sisi tumekaa na bomba refu kama watu wa zamani. Akatazama kule mwisho wa mstari, akauona mwavuli, mdogo kabisa. Akakumbuka alichoahidi. Akajiambia, kaka haoni.

Kaka haoni. Nawauliza, tangu lini kazi ile ilifanywa kwa macho? Na wewe uliyekaa hapo, ni mara ngapi umejipa ruhusa kwa maneno ya aina hiyo?

Akatoa msumeno wa chuma kwenye begi. Akainama. Dakika nne hazikutimia, kipande cha urefu wa shubiri kikaanguka kwenye lami. Miezi mitatu ya masikio ya kaka yake ilikuwa imelala pale chini. Akawasha, na ile pikipiki ikanguruma, watu wakageuka kumtazama yeye sasa, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Sikatai, alijisikia vizuri. Kosa nalo huwa na dakika zake nzuri, tusidanganyane.

Wakaitwa. Wakajipanga. Mama mmoja mwenye genge jirani ndiye aliyekuwa anashusha kitambaa. Akakiinua, akakishusha.

Kelele zikatoka mbili, ila pikipiki ya fundi haikwenda na kelele zake. Aliizungushia mafuta mpaka mwisho wa mkono, ikalia, haikuvuta. Akailazimisha. Haijafika hata theluthi ya njia, akasikia mkwaruzo ndani ya injini, gurudumu la nyuma likakaza likachora mstari mweusi barabarani. Akawahi kubana klachi, akaserereka, akasimama salama. Injini ilikuwa imeng'ang'ania, pistoni haipandi wala haishuki. Yule wa Handeni akampita polepole, pikipiki yake inakohoa, inakata, inashika, mpaka ikafika mwisho kwa kujikokota.

Fundi alikuwa bado amepiga magoti kando ya pikipiki wakati yule jamaa aliporudi, anasukuma ya kwake.

"Fundi, pole."

"Asante."

"Samahani kukusumbua wakati huu. Una mashine ya kulehemu nyumbani?"

Fundi akainua uso. "Ya nini?"

"Bomba langu. Limepasuka asubuhi kwenye matuta, huku chini kwenye shingo, tazama. Nguvu zote zinatokea hapo, imebaki kupiga makelele tu. Nilipofika nikaulizia, wakaniambia hapa kuna ndugu wawili kwa mabomba hawana mpinzani. Nikaja kukuomba msaada kabla ya mbio." Akasita kidogo. "Nikakuta umeinama na msumeno. Nikasema huyu anajua anachofanya, nisimsumbue."

Mmeelewa, wapendwa? Mlio ule alioutamani ulikuwa ufa. Mwenye nao alikuwa anatafuta wa kumzibia.

Fundi akainuka. Akashika usukani, akabana klachi, akaanza kuisukuma kuelekea mwisho wa mstari, mita karibu mia tatu kwenye jua lile. Watu wakampisha. Kila hatua aliutazama mwavuli ukikua na kila hatua alitamani uwe mbali zaidi.

Kaka mtu aliusikia mnyororo na ndala vikikaribia. Akageuza kichwa.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, kaka."

"Mbona unaisukuma?"

Fundi akaisogeza mbele ya kiti chake. Yule mzee akanyoosha mkono, akalipata tangi, akalipapasa taratibu kama anavyopapasa kichwa cha mjukuu, akashuka kwenye injini, akauondoa mkono haraka kwa joto, akaufuata upande mpaka kwenye bomba. Akalifuata bomba, lenyewe limeshapoa. Vidole vikafika mahali ambapo bomba halikutakiwa kuishia. Akalipitisha dole gumba kwenye ukingo ule mkali uliokatwa, mara moja, mara ya pili.

Halafu akauliza, wala hakupandisha sauti:

"Nani alikuambia haitoshi?"

Fundi alilia pale, mtu mzima. Kaka akamwacha alie, kisha akamtafuta bega akalishika.

"Nimekaa hapa tangu asubuhi," akasema. "Nimesikia za watu wote. Yetu sijaisikia."

Jumatatu alipanda basi.

Wapendwa, sisi ndio wenye msumeno. Mtu ana ndoa yake, inakwenda vizuri, haina makelele. Anasikia vifijo kwa jirani, anarudi nyumbani kuanza kukata. Mzazi ana mtoto mpole, mwenye kipaji chake kidogo, anamsikia wa dada yake akisifiwa, anamkata wa kwake apate kulia vilevile. Na tusiwaseme wa nje tu. Tangu wenzetu wa ng'ambo ya barabara wafunge spika zile kubwa, kamati yetu ya ujenzi imekaa vikao vingapi? Na mimi mchungaji wenu nimesimama dirishani mara ngapi, nikisikiliza mahubiri ya mwenzangu badala ya kuandaa ya kwangu? Nimo, mnaniona nimo. Hatutulii. Na hatujawahi kuvuka barabara kumuuliza mwenye mlio kama ni mzima.

Yuko Mmoja ameketi kule mwisho wa mstari. Maisha haya aliyapima mwenyewe, kidole kwa kidole, akainamisha kichwa akasikiliza, akasema, hapo. Hakuja kusikia ya jirani yako. Ya jirani ataisikia zamu ya jirani ikifika. Amekaa juani anangoja ya kwako, uliyopewa, na urefu wake uleule.

Sasa utafika kwake unaisukuma? Na akikuuliza swali lile, utamtaja nani?

Aliyekuja leo na msumeno kwenye begi auache hapahapa sakafuni, wahudumu watakusanya. Tusimame.